Fizio wa Langoni: goti nililolisingizia miaka miwili

Nianze na ngazi manake ndo kitu cha kwanza utakutana nacho. Chumba cha huyu fizio, yani mtu anayetibu viungo kwa mazoezi, kiko orofa ya pili ya nyumba ya mawe kule Langoni, Lamu, ngazi ni 22, nazihesabu kila nkipanda, tena zile za kizamani zisizolingana, ya tano imelika katikati kama sahani. Sasa we fikiria, mtu anatibu magoti na nyonga halafu anakaa darini. Siku ya kwanza nlifika nmeshika ukuta natoka jasho nkamwambia kijana, wagonjwa wako wanaofika huku juu ni wale walopona tayari. Akacheka, akasema ami hapa ndo kodi nloiweza. Sawa, nmeelewa, lakini nyota moja nliitoa hapo hapo mlangoni na nasema mapema msije mkasema sikuwaambia.

Mimi ni fundi wa kuchonga, milango, masanduku, na siku izi zaidi fremu za vioo manake milango watu hawaagizi kama zamani. Nina miaka 54, kazi nmeianza nikiwa na 17. Goti la kulia lilianza kuniuma kama miaka miwili nyuma, linauma mbele juu kidogo ya pia ya goti, saa ingine linaingia ndani ndani, na asubuhi nkiamka hatua za kwanza ni ngumu mpaka nifike chooni na kurudi, robo saa ivi, halafu linalegea. Nkikaa sana barazani nkiinuka, mambo ni yale yale. Maulidi ilopita nlishindwa hata kusimama kwenye safu ya goma, nkakaa pembeni na wazee wenye miaka 80 nakunywa kahawa kama mgeni. Tena nlikua siwezi kukata kucha za mguu wa kulia, mke wangu ndo akinikata, na viatu vya kamba nliacha nkawa mtu wa ndara tu. Hili la kucha sikumwambia mtu. Nlidhani ni kitambi.

Kabla ya kufika kwake nmepita kila mlango. Nmekandwa na uto wa simsim mpaka mashuka yote ya nyumba yakanuka. Nmepigwa chuku. Rafiki yangu nahodha akaniletea sifa, ile ya papa wanayopaka mashua, akanambia kama inazuia mbao zisioze baharini goti itashindwaje, nkapaka siku tatu, mke wangu akahamia chumba cha watoto. Nkanunua soksi ya goti ya kubana. Kuna mahali pengine, sisemi wapi, walipiga eksirei ya goti mara mbili wakasema ni goti la umri wako, halafu wakanidunga sindano ndani ya goti, 6,000, na kweli nliona nafuu wiki moja hivi ama labda nlitaka tu kuiona manake pesa ishatoka. Sasa kitu kinachonikera mpaka leo, katika watu wote hao, wa mafuta, wa chuku, wa sindano, hakuna hata mmoja aliyenishika juu ya goti. Wote walishuka pale nloonyesha kidole.

Huyu kijana (namwita fizio, nkimuita daktari ananirekebisha kila mara) alinikalisha akaniuliza maswali kama karani wa sensa. Kazi gani, unaifanya umekaa vipi, unalalia ubavu gani, umewahi kuanguka, una homa, umepungua uzito bila sababu, usiku maumivu yanakuamsha ama ukishalala umelala. Halafu ghafla tu, "Ami, kucha za miguu wakata mwenyewe?"

Wallahi nlishtuka. Nkamuuliza nani kakwambia. Akasema hakuna mtu, ila nyonga ikianza kukaza, kinachomshinda mtu mapema ni kuufikia mguu wake mwenyewe, kucha, soksi, kamba za viatu.

Akanilaza chali. Goti akalikunja, akalinyoosha, akabonyeza huku na huku, akaweka kiganja kuona kama limevimba au lina moto. Goti likaenda vizuri tu, mpaka nkaona haya. Halafu akainua paja likasimama wima, goti limekunjwa, akashika muundi akaupeleka nje taratibu, yani ile paja inajizungusha ndani ya nyonga. Mguu wa kushoto ukaenda bila neno. Wa kulia ukaenda kidogo ukakwama. Mafundi wenzangu mtanielewa, ulikwama vile mlango wa mbao mbichi unavyokwama msimu wa mvua ukishafura, unasukuma unakubali unakubali halafu gogo. Na pale pale maumivu yakanishika kinena, na pia, hapa ndo nlinyanyua kichwa nkamwangalia, yakanishika ndani ya goti. Maumivu yale yale ya miaka miwili, na goti mwenyewe hajalifanya kitu.

Bado. Akanisimamisha mguu mmoja mbele ya kioo. Nkisimama na wa kushoto, kiuno kimenyooka. Nkisimama na wa kulia, upande wa pili wa kiuno unashuka na mwili mzima unalalia kulia kama mashua ilopakiwa vibaya. Akasema misuli ya pembeni ya makalio, ile inayoshika kiuno kisianguke ukiwa kwa mguu mmoja, imechoka, na kutembea ni nini kama si kusimama mguu mmoja halafu mwingine siku nzima. Akanambia nishuke kingazi kidogo cha mbao alichonacho pale, nkaliona goti langu mwenyewe kwa kioo linaangukia ndani, kuelekea goti lenzake. Likienda ivo kila ngazi, ile pia ya goti inavutwa pembeni, kwa hio hata goti zima lenyewe litaanza kulalamika siku moja.

Basi akanieleza kitu ambacho mimi na umri huu sikukijua. Neva zinazopeleka habari za nyonga ni zile zile zinazoshuka mpaka kwenye goti, kwa hio nyonga ikilia ubongo unaweza kuskia kama goti ndo linalia. Nkamwambia ni kama punda wa Mkomani. Usiku akilia uchochoroni sauti inagonga kuta, unafungua dirisha la mbele umtupie maneno kumbe yuko nyuma ya nyumba. Akafurahi, akasema mfano huo anauchukua, na baadae nkamskia kweli anampa mgonjwa mwingine nyuma ya pazia, hakutaja jina langu hata.

Na inaenda kinyume pia. Goti likiwa ndo bovu kweli, mtu anachechemea, na kuchechemea kunachosha nyonga, miezi michache nyonga nayo inauma pembeni pale kwenye fupa unalolalia, na watu wanadhani wamepata ugonjwa wa pili. Mgongo nao una tabia ya kutuma maumivu mguuni. Ndo maana alinikagua vyote vitatu, na ndo maana ile mara ya kwanza ilichukua saa nzima na dakika zake.

Akanituma nkapige eksirei, safari hii ya nyonga. Nkarudi nayo akaishika dirishani akanionyesha, kichwa cha fupa la paja na kikombe chake, kushoto kuna nafasi nyeusi nzuri kati yao, kulia nafasi imebana upande wa juu. Gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa isisuguane, imelika. Hakunificha, akasema mazoezi hayaotishi gegedu ami, asikudanganye mtu, lakini misuli ikiwa na nguvu inabeba kazi, na maumivu kwa watu wengi yanapungua. Na ikifika mbele huko usiku hulali, hutembei, basi kuna operesheni ya kubadilisha nyonga, inafanyika hapa hapa Kenya, si lazima Uhindi. Mimi napenda mtu anayeongea ivo. Wale wa kwanza wote waliniahidi nitakimbia.

Sasa kilichonifanya nikae kuandika haya yote ni mara ya tatu, alipokuja karakana. Nlilipa 2,000 kwa kuja kwake, na nataka kusema hio 2,000 ndo ilikua pesa bora kuliko zote. Alifika baada ya alasiri, hakukaa kiti nlichompa, akasema nionyeshe unavyofanya kazi. Basi nkakaa kwenye mkeka wangu kama kawaida, ubao wa mbambakofi chini mbele yangu, mguu wa kushoto nmekunja kando, wa kulia nmekunja goti limeangukia nje na unyayo unasukuma ubao usiteleze, nkashika patasi na nyundo nkaanza. Akanyamaza kama dakika kumi. Akachutama mbele yangu akaangalia nyonga tu, hata maua nloyachonga hakuyaangalia, nkaumia kidogo roho. Halafu akavua viatu akakaa yeye mwenyewe vile vile, akashika ubao kwa unyayo, na kijana wa miaka thelathini kasoro alidumu dakika sita akainuka ameshika kiuno. Akanambia ami wewe umekaa ivi masaa mangapi kwa siku? Sita. Miaka? Thelathini na saba. Akapiga mluzi.

Hakunambia niache kazi. Alisema nitengeneze meza. Tukabishana pale. Fundi gani Lamu anachonga kwa meza, baba yangu alichonga chini, babu yangu alichonga chini. Akasema nao nyonga zao zilikuaje? Nkakumbuka baba yangu miaka yake ya mwisho, alivyokua akishuka ngazi za msikiti kinyumenyume ameshika ukuta, na sisi watoto tulikua tukisema mzee ana goti. Nkanyamaza. Wiki ile nkapiga meza kutoka kwa mbao za sanduku, ya kufika kitovuni, yenye vibanio viwili vya mbao kushika ubao badala ya unyayo wangu, na kiti kirefu, kiasi kwamba nkikaa nyonga ziko juu kuliko magoti. Siku kumi za kwanza mkono ulikua mgeni, mistari inakwenda ovyo, nkaharibu fremu moja ya mteja. Saizi nimezoea. Kazi ndogo ndogo bado nakaa chini lakini naweka saa ya simu, kila nusu saa naamka.

Mazoezi yenyewe ni machache na ya bure, hayahitaji mashine. Kulala chali kwenye mkeka magoti juu, unanyanyua kiuno unakishika unahesabu tano unashusha, kumi kumi mara tatu. Kulala ubavu magoti yamekunjwa visigino pamoja, unafungua goti la juu kama chaza anavyofungua, hili linaonekana la kitoto mpaka ufike la nane ndo utajua makalio yana moto wake. Kuinuka kitini bila mikono. Na kingazi, mimi natumia ukingo wa baraza ya nyumbani, unapanda na kushuka polepole ukiangalia goti lisiangukie ndani, liende sawa na vidole vya mguu. Siku ya kwanza majirani walidhani nimerukwa na akili. Saizi kuna mzee mmoja anakuja tunapanda pamoja, na vijana wanapita wanatuhesabia kwa kelele.

Akanipa kipimo cha maumivu ambacho naona kila mtu angepewa. Ukifanya zoezi maumivu yakiwa mpaka 4 au 5 kati ya 10 na kesho yake yamerudi yalipokua, endelea. Kesho yake ukiamka vibaya zaidi, umezidisha, punguza, usiache. Mimi wiki ya pili nliacha kabisa siku nne manake liliniuma nkaogopa, akanigombeza kwa adabu, akasema ami kiungo kisichotumika kinakaza zaidi. Na asitokee mtu kuwaambia mambo yanabadilika siku tatu. Mimi wiki tano za kwanza sikuona la maana, nlikua naendelea kwa hasira ya pesa nloshalipa. Wiki ya sita ivi nkaamka usiku kwenda chooni nkarudi kitandani ndo nkakumbuka kwamba sikushika ukuta.

Kuhusu bakora. Nna bakora ya marehemu baba yangu na nlikua natembea nayo mkono wa kulia, upande wa mguu mbovu, si ndo akili inavyosema? Kumbe nlikua natembea kinyume mwaka mzima. Inashikwa mkono wa upande mzima, mguu wangu mbovu ni wa kulia basi bakora mkono wa kushoto, na vinaenda mbele pamoja, bakora na mguu mbovu, ndo ile nyonga inapunguziwa mzigo. Jaribuni mkiwa ndani ya nyumba mtaona tofauti siku hio hio. Na urefu, ukisimama mikono imening'inia, kichwa cha bakora kiwe usawa wa kifundo cha mkono. Ya kwangu ilikua ndefu, baba alikua mrefu kunishinda. Ilibidi niikate inchi 2 na nlikaa nayo siku mbili nzima kabla ya kuweka msumeno.

Ngazi pia. Sisi watu wa Lamu hatuna lifti, hatuna gari, tuna ngazi na punda. Akanifundisha, kupanda anza na mguu mzima, kushuka anza na mgonjwa, mkono ukutani. Nlipofika nyumbani nkamwambia mama, naye magoti yake yamechoka, akarudia kwa Kiamu chake "guu zima yuu, guu bovu tini," na sasa anaimba hivo kila akishuka, nyumba nzima tumeshachoka. Hio hio natumia kwenye gati. Kushuka kwenye boti maji yakiwa yametoka na zile ngazi zina utelezi wa kijani, usiruke kama ulivyozoea, mguu mgonjwa kwanza, mshike mtu mkono, ukae ubavuni mwa boti ndo uingize mguu wa pili. Mabaharia watakucheka mara moja tu.

Kutembea alinianzisha dakika kumi kumi pale ukingoni mwa bahari, kwenye saruji. Mimi nkajifanya hodari nkaenda ufukweni Shela nkatembea kwenye mchanga wenye mteremko, nkarudi nachechemea. Ule mteremko unafanya mguu mmoja uwe kama mfupi, kiuno kinapinda njia nzima. Kama lazima utembee mchangani ngoja maji yatoke, kule chini mchanga umelala sawa na ni mgumu.

Uzito sikutaka kuusikia lakini aliusema. Kilo moja ukiipunguza mwilini, goti linapunguziwa kama kilo 4 kila hatua. Nkapiga hesabu kwa hatua zangu za siku moja nkaacha katikati. Nmepunguza kilo 5 mpaka sasa, sukari ya chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, na mahamri ya asubuhi mawili badala ya sijui ngapi. Viazi karai vya jioni bado, nisamehewe.

Swala nlikua naona haya kukaa kiti msikitini mbele ya vijana. Nkamuuliza ustadhi wetu, akanambia dini imekupa ruhusa wewe ndo unajinyima. Nakaa kiti wakati wa kusujudu, kusimama nasimama. Bas.

Dawa. Nlimpelekea vidonge nlivyokua nameza, nlipewa na mtu kwenye karatasi bila jina, vya rangi ya njano, nkimeza viwili nacheza kabisa. Fizio alikataa kukisia ni nini, akanituma kwa daktari navyo, na huko nkaambiwa niviache, na nipimwe presha, ikapatikana iko juu. Daktari alinieleza dawa nyingi za maumivu ukizimeza ovyo kila siku zinapandisha presha, zinachoma tumbo mpaka vidonda, zinaumiza figo. Na ile jamii ya steroidi, ambayo wakati mwingine inachanganywa kwenye izi dawa za karatasi, ukiitumia muda mrefu inaweza kuua kichwa cha fupa la paja lenyewe, yani unatibu nyonga kwa kitu kinachoiua. Kwa wakati huu natumia ile dawa ya kupaka tu nkizidiwa. Na kwa goti kupaka kunasaidia kuliko nyonga, nyonga iko ndani sana dawa haifiki vizuri, hata hilo sikulijua.

Mabaya yao sasa, mbali na ngazi. Simu hawashiki. Nlipiga mara nne siku moja, ikabidi nimtume mtoto apande aulize. Ukiambiwa saa tisa jua ni saa kumi na nusu, na benchi la kusubiri halina mgongo, kwa watu wenye nyonga! Stima ikikatika feni inakatika, orofa ya pili mwezi wa tatu, jaza mwenyewe. Ile karatasi ya mazoezi waliyonipa imeandikwa Kizungu na picha zake ni za mzungu kwenye jimu amelalia mpira mkubwa, mama yangu akiiona anauliza huyu anaogelea? Nlimwambia achore mwenyewe, mkeka na baraza, mimi hata kumchorea namchorea bure, akasema ataangalia. Bado anaangalia.

Na wana mashine ya umeme, wanakubandika vipande viwili inatetemesha, 500 zaidi. Nlifanyiwa mara mbili. Ni tamu wakati uko pale, unataka hata usinzie, ukifika chini ya ngazi imeisha. Fizio mwenyewe nlipombana alisema ni ya kutuliza tu, dawa ni mazoezi. Sasa kama ni ivo kwa nini mtu wa mapokezi ananiandikia bila kuniuliza? Kataeni hio kwa upole.

Bei kwa jumla, mara ya kwanza 1,500, zinazofuata 1,000 kila moja. Mimi nmeenda mara tano na yeye kaja mara moja, 7,500, na ile 1,000 ya mashine nloiita ya ujinga wangu. Mpesa wanachukua, risiti mpaka uombe.

Nani asipande zile ngazi. Nasema hivi manake binamu yangu alinipigia baada ya kuskia habari zangu akitaka kumpeleka mwanawe, kijana wa miaka 12 anachechemea na analia goti, sijui kaumia mpira. Nlimuuliza fizio, akasema mtoto anayechechemea na kuuma goti asikae kusubiri zamu, apelekwe hospitali na aangaliwe nyonga, kichwa cha fupa kinaweza kuwa kinateleza kutoka mahali pake na hicho ni kitu cha haraka. Hali kadhalika mtu mwenye selimundu, ile wanayoita sickle cell, na huku pwani tunao nyumba nyingi, akianza kuuma nyonga au goti, ni hospitali, manake damu inaweza kukosekana kwenye fupa. Goti lililovimba lina moto na homa juu yake, hospitali siku hio hio. Umeanguka na huwezi kukanyaga, hospitali, hata kama mzee ulijikwaa tu. Shavu la mguu limevimba upande mmoja linauma, hospitali. Binamu alimpeleka, mtoto alikua ni misuli tu alhamdulillahi, lakini alipigwa eksirei ya nyonga kwanza, na daktari kule aliuliza nani amewaambia mseme nyonga.

Hali yangu leo baada ya wiki kumi na moja. Maumivu hayajaisha, siku za baridi ya kusi naamka nayo, na nkisimama sana harusini yanarudi. Lakini nmetembea kutoka Langoni mpaka Shela kwa mguu, karibu kilomita 3, nkapumzika mara moja tu na hio moja ni kwa sababu nlikutana na mtu. Na Ijumaa ilopita nmekata kucha za mguu wa kulia. Mwenyewe. Ilichukua muda, na kidole kidogo nlikikosea kikatoka damu, mke wangu akauliza ulikua unachonga ama unakata.

Nyota nne.

Nlisahau, kuna dada fizio pia kwa wanawake, chumba chake kina mlango wa kufunga si pazia, lakini anakuja Jumanne na Alhamisi tu. Ijumaa wanafunga saa sita. Nendeni mapema asubuhi kabla ukuta wa zile ngazi haujapata jua, na mvae suruali au shuka pana, mtakunjwa.